Kano za Kidole cha Msusi

Msusi alikuwa na tabia moja: akishika nywele, akili yake husafiri. Mikono hubaki kibarazani, mwenyewe akawa mbali, mahali penye mwanga laini na ukimya. Asubuhi hiyo alikuwa amemsuka jirani yake nusu kichwa. Akainuka kuchota maji, akili bado haijarudi. Ndoo ikamponyoka, na mshikio wake ukakipinda upande kidole chake cha shahada.

Kikavimba papo hapo. Mumewe, seremala, akatupa randa na kuja mbio.

"Lete nikivute, mke wangu. Kikilia tu, kimepona."

"Usikiguse, shemeji," alisema jirani, nywele nusu zimelala, nusu zimesimama kama zimeona jini. Yeye hufanya kazi hospitali, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo.

"Si mshipa tu umeshtuka?"

"Siyo mshipa. Ni kano. Kila kiungo cha kidole kina kano pembeni, huku na huku. Ni kama kamba ngumu. Zinafunga mfupa kwa mfupa, kidole kisiyumbe. Nyingine iko upande wa kiganja, inazuia kidole kisipinduke nyuma. Yake ya pembeni imevutika, huenda imechanika. Na wewe unataka kuivuta tena?"

Seremala akaficha mikono nyuma.

Msusi alikitazama kidole kana kwamba ni cha mgeni. Akaziona kwa mawazo zile kamba ndogo, zikishika mifupa gizani miaka yote bila hata asante. Hofu ikamwingia.

"Nitasuka tena?"

"Utasuka, ukiwa na subira."

Jirani alimwekea kitambaa cha maji baridi, kisha akampeleka hospitali kupigwa picha. Mfupa ulikuwa mzima. Kidole kikafungwa pamoja na kile cha kati, pamba katikati.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," jirani alimtania. "Mwache mwenzake amsaidie."

Wiki zikapita kama mawingu. Seremala alipika, akaunguza, wakala hivyo hivyo. Msusi alipoambiwa aanze mazoezi, alikaa dirishani akikunja na kukunjua kidole taratibu, akiisuka miale ya jua.

Siku ikafika, jirani akaketi mbele yake. Msusi akagawa nywele, akabana, akavuta. Kidole hakikuyumba.

"Polepole, shoga," jirani akalalamika. "Unakaza mno, hata macho hayafumbiki."

Msusi akatokwa na machozi ya furaha, akaukaza na mstari wa pili.