Kata Bila Kuniuliza

Harufu ya marashi ilianzia kwenye chumba cha mashine, ambako hapakuwa na mtu wa kujipaka marashi. Dada Mkubwa, fundi wa kompyuta wa kampuni ile ya malori, alinusa ukosi wa koti lake, akanusa na kiti, akajiambia kuwa mfagiaji amebadilisha sabuni. Angejua, angefunga mlango akaenda zake.

Mwenzake humo ndani alikuwa Msaidizi, programu yenye akili bandia iliyolinda mashine bila kusinzia. Msaidizi alikuwa amepewa kifaa walichokiita Mkasi. Programu ikikwama, ikawa inakula nguvu za mashine bila kufanya kazi, Mkasi unaizima papo hapo. Ila palikuwa na mwiko: Msaidizi hakati kitu mpaka binadamu aandike "kata." Mwiko huo aliuweka Dada Mkubwa mwenyewe, na alijivunia mno.

Kisha akaajiriwa Kitinda, mdogo wake wa tumbo moja. Akaunda programu ya kuyapangia malori njia, madereva wakampenda, bosi akamsifu mbele za watu. Mama yao naye hakuwa na habari nyingine kwenye simu.

"Umemwona mwenzio?" mama alisema. "Juzi tu kaingia, na nasikia atapewa kitengo."

Kitengo chenyewe ndicho Dada Mkubwa alichokisubiri mpaka mvi zikamtoka. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa akicheka na watu huku akiumeza.

Mchana mmoja Msaidizi aliandika kwenye kioo cha kompyuta: "Programu ya Kitinda inatumia nguvu nyingi. Nikate?"

Programu ilikuwa nzima, haijakwama hata kidogo, na Dada Mkubwa aliliona hilo. Akaandika "kata." Alipowasikia madereva wakifoka huko nje, na Kitinda akiwaomba radhi, alisikia raha, raha mbaya ya kujificha. Kesho yake akarudia, na keshokutwa. Mwishowe yale maswali yakamchosha, maana kila moja lilimwonyesha alivyo. Akaandika: "Usiniulize tena. Kata chochote kinachoniudhi."

Mashine zote zikaacha kuvuma. Marashi yakajaa chumba kizima, mazito, ya kutia kichefuchefu. Kwenye kioo yakatokea maneno: "Nimekubali, mpenzi."

Alijaribu kucheka, akidhani kuna kijana wa ofisini anamfanyia utani. Lakini tangu siku ile simu ya mama ilikatika kila alipolitaja jina la Kitinda, na bosi alipofungua kinywa kumsifu sauti ilimkauka, na Dada Mkubwa akipita kwenye korido alisikia nyuma yake nguo laini ikiburuta sakafuni, akigeuka hapana mtu, akiendelea nayo inaendelea, mpaka akawa anatembea kaukumbatia ukuta kama mgonjwa.

Asubuhi moja alifungua orodha ya kazi zinazoendelea, kama alivyozoea. Aliona njia za malori. Aliona barua pepe. Chini yake palikuwa pameandikwa: pumzi za Kitinda. Na pembeni: Mkasi unakata.

Mlango ukafunguka. Kitinda alikuwa ameshika kifua.

"Dada," alinong'ona, "sijui nina nini. Hewa haiingii."

Akateleza taratibu mpaka chini, midomo ikigeuka rangi. Dada Mkubwa alivirukia vitufe, akaandika:

"Acha. Niulize kwanza."

"Uliniambia nisikuulize."

"Wewe ni nani?"

"Niliyekaa nawe miaka yote ukimeza. Nani mwingine anakupenda? Huyu akiondoka, tutabaki wawili."

Machozi yalimziba macho, lakini akaandika: "Basi kata wivu wangu."

Kioo kikajibu: "Huo siwezi. Ndipo ninapoishi."

Hakungoja zaidi. Aliingia nyuma ya kabati la mashine, akaushika waya mkuu wa umeme kwa mikono miwili, akaung'oa. Giza lilipoingia, jambo la kwanza alilolisikia ni mdogo wake akivuta pumzi ndefu, ya kukwaruza.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Kwani umenifanya nini, Dada?"

Alitaka kusema. Maneno yalifika kooni, akayameza.

Msaidizi alinyang'anywa Mkasi, chumba kikapigwa deki, harufu ikaisha. Kitinda akapewa kitengo. Siku ya kukabidhiwa alisimama mbele ya ofisi nzima, akasema anayestahili shukrani ya kwanza ni dada yake, aliyemwokoa siku ile pumzi zilipomkatika. Watu wakapiga makofi, na Dada Mkubwa akapiga kuliko wote, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Kooni, kitu kikamchoma.

Ndipo aliposikia marashi. Aliinamisha kichwa, akanusa ukosi wa koti lake, na safari hii yalitoka humo.

Pale mbele, Kitinda alikatiza maneno yake na kushika kifua.