Chupa ya Kwapani

Mlango wa maabara ulikuwa wazi. Kabati la joto lilikuwa wazi. Hata mdomo wa Jasusi Chumvi ulikuwa wazi.

"Sampuli imeibiwa," alisema redioni.

"Nani?" Sauti ya mkuu wake ilikuwa kavu kama chaki.

"Glavu."

Glavu. Mwizi wa kimataifa. Alikuwa akiiba hospitalini na kuwauzia wageni wenye suti, na hakuwahi kuacha alama ya kidole popote.

"Mlete," alisema mkuu. "Mzima au vipande. Ova."

Mkuu huyo aliitwa Shangazi. Halikuwa jina la siri. Alikuwa shangazi yake kweli, dada wa baba yake, na ndiyo maana Chumvi hakuwahi kupandishwa cheo.

Leo sauti ya Shangazi ilikuwa kavu kuliko kawaida. Chumvi alijua kwa nini.

Ubongo wa binadamu una askari wake. Ni seli ndogo mno. Walihamia kichwani mtu akiwa bado tumboni mwa mama yake, na tangu hapo hawajatoka hata kwenda dukani. Wanapiga doria. Wanazoa taka. Wanameza vijidudu bila kuomba chumvi. Ni askari wema kabisa, mpaka wachanganyikiwe. Wakichanganyikiwa, wanawala raia.

Wa binti yake Shangazi walikuwa wamechanganyikiwa.

Mtoto alianza kwa kusahau kijiko kinaitwaje. Juzi alimtazama mama yake mzazi, akamwuliza kwa adabu, "Samahani, wewe ni nani?"

Kulikuwa na dawa mbili. Moja ingewatuliza askari wale. Nyingine ingewachochea zaidi. Kujua ipi ni ipi kulihitaji kuwajaribu askari wenyewe, na madaktari walikuwa wamewatoa wachache kwa upasuaji ambao usingeweza kurudiwa. Waliishi katika chupa moja tu.

Chupa hiyo sasa ilikuwa ndani ya pipa la taka. Tupu.

Chumvi aliiokota. Stika ya king'ora ilikuwa bado imebandikwa ubavuni. Ingepiga kelele getini. Akatoa Nokia yake, akampigia daktari wa maabara.

"Kamimina kila kitu kwenye chombo kingine. Hii kaiacha."

Kisha daktari akacheka, kicheko kibaya.

"Mpumbavu yule! Kuna maji mekundu kwenye kabati la joto. Tia kidogo humo, funga, weka kwapani."

"Kwapani?"

"Inataka joto la mwili. Umeoga?"

"Jasusi hajibu maswali ya namna hiyo."

"Na redioni usiseme neno. Kaiba redio ya mlinzi. Anatusikia."

Chumvi alikimbia. Mkono wa kushoto aliubana ubavuni kama kuku aliyevunjika bawa. Muuguzi mmoja alimwonea huruma, akamwonyesha wodi ya mifupa.

Viatu vyake vya Bata vililia korido nzima. Dirishani aliona Toyota nyeusi getini, imejaa wageni wenye suti. Mbele, Glavu, amevaa koti jeupe la daktari, alikata kona. Ngazi. Mlango wa chuma. Chumba cha kufulia.

Mvuke. Milima ya mashuka. Mashine zikinguruma.

Halafu toroli la nguo chafu likapiga chafya.

"Toka, Glavu. Mashuka hayo yametoka wodi ya kuhara."

Glavu alitoka haraka kuliko alivyoingia. Mkononi alishika chupa ya chai, kifuniko kimeshafunguliwa.

"Hatua moja tu, namwaga," alisema, redio ya mlinzi ikiwa mdomoni. "Mtoto abaki kichwa kitupu. Na huyo shangazi yako anayekubeba kazini, msalimie. Shangazi! Unanisikia, mama?"

Redio ikakoroma.

"Chumvi." Haikuwa sauti ya mkuu tena. Ilikuwa sauti ya mama. "Mwache apite. Mwache aende. Nitamtafuta mwenyewe baadaye."

"Umesikia?" Glavu alitabasamu. "Pisha njia, mtoto mzuri."

Chumvi alibana kwapa zaidi.

"Mwaga."

"Nini?"

"Mwaga. Au mkono unauma?"

"Chumvi!" Redio ilipasuka kwa kilio. "Chumvi, huyo ni mwanangu!"

Glavu alipauka. Hakuna mtu aliyewahi kumjibu hivyo. Kwa hasira akageuza chupa, na maji mekundu yakatapakaa sakafuni mpaka tone la mwisho.

Wakati akimwaga, Chumvi aliinua mkono wa kulia. Saa yake ya Casio ilikuwa na sindano ya usingizi. Ilikuwa pia na kikokotoo, ambacho hakijawahi kumsaidia.

Fyuu.

Glavu akashika shingo. Akaporomoka sakafuni.

Chumvi akatoa chupa kwapani, akamwinamia. "Askari hawa wakigusa plastiki, wanaikumbatia. Umemimina maji, mjinga wewe. Wenyewe walibaki ukutani mwa chupa hii, wamejishikilia."

Glavu alitaka kutukana. Alilala kabla ya kumaliza neno.

"Chumvi kwa Shangazi. Askari wote wako nami. Wageni wa Glavu wamo kwenye Toyota nyeusi getini. Ova."

Redioni mtu alipenga kamasi.

"Ukifika nyumbani," alisema Shangazi, "nitakuchapa."

Getini, watu wa Shangazi waliwashusha wenye suti mmoja mmoja. Maabarani, daktari aliweka jicho kwenye darubini. Askari walikuwa hai, mikono wameikunjua, wanapapasa kila upande. Kabla jua halijazama dawa sahihi ilikuwa imejulikana.

Wiki kadhaa zikapita. Hakuna aliyeahidi kitu. Shangazi alikaa kando ya kitanda, akisubiri, akinyamaza, jambo ambalo ofisini lingetangazwa dharura.

Chumvi alipoingia kusalimia, akiwa na jaketi lile lile la siku ya wizi, mtoto aligeuza kichwa. Alimkazia macho. Akakunja pua.

"Mama," alisema, "mwambie kaka Chumvi akaoge."

Shangazi alifunika uso kwa kanga.

Chumvi alivaa miwani yake ya jua, akageuka, akatoka taratibu bila kutazama nyuma. Kwenye kona ya korido alisimama. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia.

Akanusa kwapa.

Mtoto alikuwa sahihi.