Ufunguo Uliovunjika

Kila asubuhi ya likizo Angelina aliamia ndege wasile mavuno katika shamba la zabibu la bibi yake, Msalato. Ndege akitua, manati ilivutwa kabla hata hajafikiri. Jioni alikwenda kanisani, jirani na shamba, kwenye mafundisho ya Komunio ya Kwanza.

Dirisha kubwa la kanisa lilikuwa na vioo saba vya rangi, kila kimoja kwa sakramenti yake. Maji yalikuwa ya Ubatizo, pete za Ndoa, zabibu na ngano za Ekaristi, funguo za Kitubio, yaani kuungama dhambi. Angelina alizipenda zabibu zile, maana jua la jioni lilizifanya zionekane zimeiva kabisa.

Jumatano aliwahi kuliko wenzake. Akamkuta ndege ndani ya kanisa, ametua chini ya zile zabibu, anazidonoa. Kweli mazoea yana taabu! Manati, iliyokuwa bado shingoni, ikavutwa. Ndege akaruka salama, na kioo cha funguo, kilichokuwa kando, kikaanguka vipande vipande. Angelina akakimbia, akajificha nyuma ya kisima cha uani mpaka wenzake walipofika.

Katekista Respicius alipouliza nani amevunja, macho yote yalimgeukia mwenzao Jordan, aliyewahi kuvunja taa ya kanisa kwa mpira. Jordan alikana. Katekista hakumsikiliza, akamwambia asirudi mafundishoni mpaka akubali kosa. Jumapili ilikuwa siku ya Komunio. Kisha akawagawia watoto vioo vya dirisha vya kuvieleza mbele ya waumini siku hiyo. Angelina akapewa funguo.

Tangu hapo hakutulia. Akikaa, anasimama. Upepo wenye vumbi uliingia kanisani kupitia lile pengo, na kila aliyekohoa alimshtua. Shambani ndege walikula zabibu mbele ya macho yake. Bibi alimshika paji la uso akidhani ana homa.

Jumamosi alimwona Jordan amesimama nje ya uzio wa kanisa, akiwatazama wenzake wakifanya mazoezi ya kupanga mstari. Hakuweza kuvumilia tena. Akaenda moja kwa moja kwa katekista, akaweka manati mezani.

“Shikamoo mwalimu. Si Jordan. Ni mimi.”

Akaeleza yote huku machozi yakimtoka. Katekista akasimama.

“Twende kwa Jordan,” alisema. “Wewe una kosa lako, na mimi nina langu.”

Wote wawili walimwomba radhi nyumbani kwao, mbele ya mama yake. Jordan alikuwa na hasira bado. Alisema sawa, akaingia ndani.

Jioni ile Angelina alifagia vigae vyote vya kioo vilivyobaki, akamshikia ngazi fundi aliyetoka Kizota kuweka kioo cheupe, kisicho na picha. Jumapili alisimama chini ya kioo kile, akaeleza funguo ambazo hazikuwepo tena, na jinsi zilivyovunjika. Hakuficha neno.

Katekista akasimama kando yake. “Watoto,” alisema, “ufunguo haufungui mlango uliofichwa. Angelina aliuonyesha mlango wake, nami nikaona aibu kuendelea kuuficha wangu: nilimhukumu Jordan bila kumsikiliza. Mwenye kusema kweli humfungua na mwenzake.”

Angelina alirudi kuketi. Jordan alimtazama kidogo, kisha akasogea kwenye benchi na kumpa nafasi.