Kauri ya Nne

Kila Jumamosi alasiri, akishamaliza kazi ya shule na kuosha vyombo, Khushi alitandika kitambaa cha isto sakafuni. Nyumba yao ilikuwa juu ya duka lao la vitambaa mjini Keroka, kando ya barabara kuu, na kila lori lililopita lilitetemesha vioo vya madirisha. Rafiki yake Adongo, waliyesoma naye gredi ya sita, alikuwa hachelewi hata siku moja. Kwa isto, Adongo angeacha hata chai.

Isto ni mchezo wa zamani wa Wagujarati. Hauna dadu. Hurushwa kauri nne, zile kombe ndogo nyeupe za baharini zenye mdomo wa meno meno, kisha huhesabiwa ngapi zimelala chali. Zote nne zikilala kifudifudi, umepata isto, unaenda hatua nane, na mwenzako hununa. Kauri hizi zilikuwa za Ba, nyanya yake Khushi. Alipewa na mama yake siku alipoolewa akaja Kenya, akazitunza miaka hamsini na miwili ndani ya kopo la majani chai. Alikuwa na sheria moja tu. Kabla kopo halijafungwa, mtoto mmoja huzihesabu, naye Ba huuliza, "Ngapi?" Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo hakuangalia. Alisikia jibu, akaridhika.

Jumamosi hiyo Khushi alikuwa akishindwa vibaya. Akarusha kauri kwa hasira, zikatawanyika kama mahindi, wakaanza kubishana na Adongo kama mrusho ule uhesabiwe au la. Ronak, mdogo wake Khushi wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa akizungukazunguka hapo hapo na kijiko chake. Nani alikuwa na habari naye? Mamake Adongo akaita kutoka barabarani, Adongo akachomoka. Khushi akakusanya kauri. Moja, mbili, tatu. Akainua kitambaa. Akachungulia chini ya kochi. Hamna.

"Ngapi, beta?" Ba aliuliza kutoka jikoni. Hivyo ndivyo alivyomwita, yaani mwanangu.

Khushi alijua jinsi Ba alivyozipenda kauri zile. Akajiambia kwamba kauri haina miguu, itakuwa humo humo ndani, kesho ataitafuta na kuirudisha bila mtu kujua.

"Nne, Ba," akajibu, akafunga kopo.

Jioni Ronak alikataa maziwa. Mama akasema ni meno yanaota. Asubuhi Khushi aliamka kabla ya wote akapapasa chini ya kochi, nyuma ya kabati, hata ndani ya viatu vya Baba. Hakupata kitu. Aliporudi jikoni alimkuta Ronak akilia, udenda unamchuruzika mpaka shati limelowa, na kila kijiko cha uji alichopewa alikitema. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Akalifukuza, likarudi. Akalifukuza tena, likakaa.

Walimpeleka kwenye kliniki moja hapo hapo Keroka, Mama, Ba na Khushi. Daktari Nyasani, mwanamke mpole asiye na haraka, alimpima Ronak joto, akasikiliza kifua, akamchungulia mdomoni. Koo lilikuwa jekundu kidogo. Kisha akauliza kama kuna kitu mtoto amemeza, kitufe, betri, sarafu, chochote.

"Hapana, daktari," Ba akasema, na alisema kwa uhakika wote. "Kitu cha kumezeka kwetu ni kauri za mchezo, nazo zilihesabiwa jana zikawa nne. Alihesabu mjukuu wangu huyu. Huyu hanidanganyi."

Lo, maneno hayo! Afadhali Ba angemzaba kofi. Daktari aliitikia kwa kichwa, akaandika dawa ya koo. Muuguzi akaileta. Mama akamlaza Ronak mapajani, akamfungua mdomo. Khushi alitaka kusema, lakini akisema, Ba atajua kwamba ni mwongo, mbele ya watu. Asiposema, je? Kijiko kilikuwa kimeshafika mdomoni. Ronak alimtazama dada yake kwa macho mekundu ya kulia, akakohoa.

"Msimpe," Khushi akasema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Zilikuwa tatu. Ba, zilikuwa tatu. Nilisema uongo."

Mama aliweka kijiko chini. Daktari Nyasani aliuliza kauri ina ukubwa gani, Khushi akamwonyesha ncha ya kidole gumba. Akaonya mtoto asipewe chakula wala maji, na mtu asijaribu kuisukuma kwa ndizi au mkate. Waende Kisii sasa hivi akapigwe picha.

Baba alifunga duka akawapakia ndani ya pikapu. Mvua ilikuwa imeanza, na mbele yao lori la majani chai lilipanda mlima polepole, halipitiki. Khushi alishika kitambaa akampangusa Ronak udenda, akahesabu pumzi zake moja moja. Kila Ronak alipotulia, Khushi aliogopa zaidi. Hakuwa amewahi kuogopa namna ile maishani mwake. Alitamani achapwe, agombezwe, mradi mtu amwambie kwamba Ronak atapona. Hakuna aliyemwambia.

Hospitalini picha ilionyesha wazi. Katikati ya koo la chakula palikuwa na kitu cheupe chenye umbo la yai dogo. Madaktari walimlaza Ronak kwa dawa ya usingizi wakaingiza mpira mwembamba kupitia mdomoni, wakaitoa kauri. Haikuchukua hata saa moja, lakini kwa Khushi ilikuwa kama muhula mzima. Daktari alipotoka, aliwaambia wamshukuru aliyesema mapema, kwani ingekaa siku mbili tatu ingeweza kutoboa koo. Khushi akaangua kilio. Ba akamvuta, akamkumbatia.

Jumamosi iliyofuata isto ilichezwa mezani, na Ronak alifungiwa jikoni pamoja na Mama. Kauri zilikuwa nne tena, ile moja ikiwa imechemshwa vizuri. Adongo alishinda, kama kawaida yake. Khushi akakusanya kauri.

"Ngapi?" Ba aliuliza.

Moja, mbili, tatu. Akahesabu upya.

"Tatu, Ba," akasema papo hapo.

Watu wote wakainuka. Mama alikuja mbio na Ronak, ameshamfungua mdomo. Baba alipiga magoti chini ya meza. Adongo naye akasimama ajikung'ute, na kauri ikaanguka kutoka kwenye mkunjo wa sweta yake. Ba alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akamwita Khushi akae karibu naye.

"Beta, siku ile kosa halikuwa kupoteza kauri," alisema. "Kauri ni kitu, hupotea. Kosa ni kwamba nilisimama mbele ya daktari nikatumia neno lako, na neno lako lilikuwa bovu. Uliogopa kunikasirisha, ukakaribia kutunyima Ronak. Siku nyingine ukiogopa, sema hivyo hivyo ukiwa na woga. Kama ulivyosema leo."

Khushi aliitikia kwa kichwa. Akatia kauri koponi moja moja, akizitaja kwa sauti mpaka nne, akafunga kopo, akamnyooshea Ba ahakikishe.

Ba hakulifungua. Alimrudishia Khushi na kumwambia aliweke kabatini.