Kikofia Kilichohama

Kila Jumamosi Chiriku alifungua karakana ya mama yake ya kudarizi, akafagia vipande vya nyuzi, akawasha kompyuta kuukuu iliyoendesha cherehani kubwa. Muda wote huo mdomo wake haukupumzika. Ndiyo maana aliitwa Chiriku. Jumamosi hii alinyamaza kama maji ya mtungi.

Cherehani nayo ilinyamaza. Beji za sweta za shule zilitakiwa saa nane mchana, na hata nusu hazijafika.

Fundi wa kompyuta, aliyeitwa na mama, alimwomba Chiriku amshikie tochi. Msichana akajipenyeza kwenye kona nyuma ya meza. Fundi akaisogeza meza, akaziba njia. Ukuta mgongoni, meza kifuani: hakuna pa kutokea.

"Waya mzima, umeme upo," fundi alisema. "Naona kadi inayoongoza cherehani imekufa. Na siku hizi kadi hizi hazipatikani."

Mama alimgeukia msaidizi wake. "Ni wewe na kitambaa chako kibichi!"

"Kweli tena, mama, jana nilifuta meza tu."

"Basi kompyuta imejiua yenyewe? Vua aproni, uende zako!"

Dada yule, aliyemfundisha Chiriku kutunga uzi sindanoni, alianza kufungua kamba za aproni. Tochi ya Chiriku ikapanda darini.

"Mulika kadi, binti," fundi alitania. "Darini kuna panya tu."

"Ni mimi," Chiriku alisema.

Akaeleza yote. Jana alichomeka kadi ya sauti aliyopewa na binamu yake, apate kusikia muziki. Kompyuta ilipoganda, alihamisha ovyo vikofia vya plastiki vilivyokuwa kwenye kadi zote mbili. Haikusaidia. Akachomoa kadi ya sauti, akafunga kasha, akanyamaza.

"Ahaa!" Fundi alishusha bisibisi. "Kompyuta hii ya zamani haijui kuzigawia kadi namba. Mtu huchagua mwenyewe kwa kuvika kikofia kwenye jozi ya vijiti. Kadi zako ziligombania namba moja. Sasa programu inaita namba ya zamani, na kadi ya cherehani imeshahama. Ilikuwa namba ngapi?"

"Sikumbuki."

"Na aliyeiweka kadi hii hakuandika popote!"

Chiriku alitamani ukuta ummeze. Lakini hakuwa na pengine pa kutazama ila kadi, akaisogezea tochi. Vijiti vyote vilikuwa vyeusi kwa vumbi. Jozi moja tu iling'aa, kama kidole kilichovuliwa pete.

"Fundi, hapa! Hapa ndipo kilipokaa miaka yote!"

Fundi alikodolea macho namba iliyochapwa kando ya jozi hiyo, akacheka. "Namba tano. Una jicho, wewe!"

Alirudisha kikofia, akawasha. Cherehani ikatetemeka, ikaanza kudarizi.

Mama alimshika msaidizi wake mkono. "Nisamehe, mdogo wangu. Nimekuhukumu bila kuuliza."

Fundi alipovuta meza, Chiriku alitoka mbio, akaenda kumfunga yule dada kamba za aproni. "Nisamehe, dada."

Mama alimpa kalamu. "Andika namba hiyo ndani ya kasha. Kabla hujagusa kitu, andika kilivyokuwa. Na ukikiharibu, sema siku hiyo hiyo. Kikofia tumekirudisha kwa dakika moja, mwanangu. Dada yako angetoka mlangoni, tungemrudishaje?"