Alama Iliyokosekana kwenye Kikaratasi cha Miwani

Kila asubuhi, kabla hata chai haijapoa, mashine ya kusaga lenzi ilikuwa imeshaanza kunguruma chumba cha nyuma cha duka la miwani. Mume alisaga. Mke alikaa mbele, kwenye kompyuta. Alipokea vipimo vya macho kutoka kliniki, akaviingiza kwenye programu aliyoiandika mwenyewe, na printa ikatoa kikaratasi cha kazi kwa kila mteja. Aliionea fahari programu ile, na alikuwa na haki.

Jumatano aliingia baba mdogo wa mume, fundi saa, mtu wa maneno machache. Aliweka mezani miwani waliyomtengenezea wiki iliyopita.

"Siwalaumu," alisema. "Macho yangu ndiyo yamekwisha. Nikiivaa hii na kufungua saa, sioni kitu ndani yake. Ijumaa nafunga kibanda. Bisibisi zangu nimeshaanza kuzigawa."

Mke aliingiwa na huzuni. Mzee huyu alikuwa ametengeneza saa miaka thelathini.

"Baba Mdogo, usigawe kitu kingine," alisema. "Tupe siku moja tu."

Mzee alipotoka, mke aliishika miwani juu ya gazeti. Lenzi ya kusomea hukuza herufi. Hii ilizipunguza. Akaenda nyuma mbio.

"Mume wangu, lenzi hizi ulizitoa droo gani?"

"Ya kutoa," mume alijibu. "Kikaratasi kilisema 2.5."

"Kilisema kutoa?"

"Hakikuwa na alama. Utepe wa printa umechakaa, kistari cha kutoa mara nyingi hakionekani. Na wateja wetu wengi ni wa kutoa, wasioona mbali. Nikajua kimefifia tena."

Mke alifungua faili. Kipimo cha kliniki kilisomeka wazi: jumlisha 2.5.

Mchana alikuja wifi yake, dada wa mume, anayefundisha kompyuta chuoni. Alisikiliza yote, akavuta kiti.

"Wifi, programu yako ina akili, ila imejaa aibu. Haisemi yote."

"Namba zote ziko sawa," mke alisema kwa ukali kidogo.

"Ziko sawa ndani. Kaka yangu haoni ya ndani, anaona karatasi. Ukiiambia kompyuta ichape namba tu, huchapa kwa mazoea yake. Alama ya kutoa huiweka. Ya kujumlisha huiacha. Sifuri ya mwisho nayo huiacha. Lazima uiambie umbo unalotaka."

Akaandika:

%+6.2f

"Mbona kama kuku amepita hapa?" mke aliuliza.

"Soma polepole. Alama ya asilimia inasema: hapa pana namba. Jumlisha inasema: onyesha alama siku zote. Sita ni nafasi, pamoja na alama na nukta, ili namba za jicho la kulia na la kushoto zipangane. Nukta na mbili zinasema: weka tarakimu mbili baada ya nukta. Na f ni namba yenye nukta."

Mke akabadilisha mstari ule.

"Sasa usijaribu namba moja ukaridhika," wifi alimwambia. "Jaribu zile zinazoweza kukuumbua."

Printa ikatoa:

 +2.50
 -0.75
 +0.00
-10.00

Nukta zote zilisimama mstari mmoja.

"Na kistari kikififia tena?" mume aliuliza mlangoni.

Mke alijibu kabla ya wifi. "Sasa kila namba ina alama yake. Ukiona isiyo nayo, ujue ni kosa. Usikisie, nirudishie karatasi. Na utepe nanunua leo."

Walipekua vikaratasi vyote vilivyochapwa tangu utepe uanze kuchakaa. Viwili vingine vilikuwa na kasoro ileile. Bahati nzuri, lenzi zake zilikuwa hazijasagwa.

Alhamisi baba mdogo alivaa miwani mpya. Mume alivua saa yake na kumpa. Mzee aliifungua mgongo, akainama, akazikagua skrubu moja moja.

"Kuna skrubu imelegea," mzee alisema. "Ya tatu, hii ndogo kabisa. Nani aliyekutengenezea hii saa vibaya hivi?"

"Ni wewe, Baba Mdogo," mume alijibu. "Mwezi uliopita."

Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akasimama na kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" mke aliuliza.

"Kudai bisibisi zangu."

"Basi vua miwani kwanza. Hiyo ni ya kazi ya karibu, si ya kutembea njiani."