Aliyekuja Kuazima Koti

Ngo.

Mara moja tu. Watu hugonga mara tatu, wenye haraka mara tano. Huyu aligonga mara moja akanyamaza, kama mtu aliyekwisha kujibiwa.

Nilikuwa chumbani kwangu chini kabisa ya meli, jirani na dobi, namalizia kifungo kabla ya kupanda juu. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama. Usiku ule ulikuwa usiku wa makoti. Meli yetu ilifuata mtindo wa zamani: mara moja kila safari wageni walikula wakiwa wamevaa rasmi, wanawake magauni marefu, wanaume koti jeusi na tai. Asiye na koti haingii ukumbini, hata kama amelipia chumba chenye bafu mbili. Ndiyo maana mimi, fundi cherehani, nilitunza makoti kumi na mawili ya kuazimisha waliosahau yao. Utaratibu ulikuwa mmoja. Nauliza jina, naliandika kwenye kikaratasi, nakibana kwa pini ndani ya kola. Bila jina, koti halitoki.

Nikafungua nusu ya juu ya mlango.

Kijana. Shati jeupe limemganda mwilini. Tai nyeusi, imefungwa vizuri ajabu. Maji yalimchuruzika kwenye ncha za vidole... tone... tone... Wiki nzima hapakuwa na mvua. Nikadhani katoka kwenye bwawa la kuogelea, lakini hakunuka dawa ya bwawa. Alinuka chumvi, na nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo.

"Koti," akasema.

"Hata habari ya jioni hakuna, bosi?" nikatania.

Hakucheka. "Nimechelewa mezani."

"Haya. Jina?"

Kengele ya kwanza ya chakula ikalia juu yetu. Mdogo wangu, mhudumu wa meza namba tisa, alikuwa ananisubiri nimshonee glavu iliyoachia kidole. Mkuu wa ukumbi alikuwa ameshamwambia: kosa moja tu, unashushwa bandari ijayo.

"Utaandika baadaye," mgeni akanong'ona.

Nikampa koti. Bila kikaratasi. Bila pini.

Hilo ndilo kosa langu. Makoti yangu leo ni kumi na moja.

Mkuu wa ukumbi tulimwita Rula, ingawa jina lake lilikuwa kwenye kibao cha shaba kifuani. Alitembea na rula ya chuma mfukoni, akipima nafasi kati ya uma na sahani. Wahudumu walisema hata mkewe alimpima kwanza ndipo akamchumbia. Watu hakuwatazama sura. Alitazama shingo, akatazama mabega, basi. Tai ipo, koti lipo, karibu.

Usiku wa makoti mimi husimama nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, sindano tayari, kwa ajili ya zipu zinazopasuka na vifungo vinavyokimbia matumbo. Mama Dobi, mfuaji wetu mzee, husimama pembeni yangu na vitambaa safi vya meza. Kutoka pale nilimwona mgeni wangu akifika mlangoni. Rula akatazama shingo. Akatazama mabega.

"Karibu sana," akasema.

Kijana akavuka kizingiti taratibu mno, kama mtu anayekanyaga barafu. Akaenda moja kwa moja meza namba tisa, kwenye kiti pekee kilichokuwa wazi.

Taa za mezani zikafifia.

"Mbona baridi?" bibi mmoja mwenye lulu shingoni akauliza. Mdogo wangu alikuwa anampakulia supu. Bibi akaonja, akaitema kwenye kitambaa. "We kijana! Hii supu, au maji ya kuoshea samaki?"

"Samahani, mama, nitabadilisha..."

"Na glavu zako? Umetoka kufua nguo?"

Meza nzima ikacheka, kicheko kibaya. Nikazitazama glavu za mdogo wangu. Nilikuwa nimemvalisha mwenyewe, kavu, nyeupe. Sasa zilikuwa zinatona maji.

Rula akamfikia kwa hatua tatu. "Umekwisha," akamnong'oneza huku anatabasamu kwa ajili ya wageni. "Unanisikia? Umekwisha."

Mdogo wangu akafungua mdomo ajibu. Akakohoa. Maji yakamtoka... si mate. Maji.

"Mama," nikamnong'oneza Mama Dobi, "yule mwenye koti pale, mwishoni, unamjua?"

Mama Dobi akachungulia. Vitambaa vyote vikamwanguka mikononi.

"Nani kamvisha?"

"Mimi."

"Uliandika jina?"

Nikatikisa kichwa. Akanishika mkono, kucha zikazama.

"Kila usiku wa makoti anakuja mpaka pale mlangoni, mwanangu. Fundi aliyekutangulia alimwona, akanisimulia alivyo, anavyochuruzika maji. Anakuja na anarudi, kwa sababu hana koti, na ukumbi huu haumpokei asiye na koti. Alikuwa mhudumu. Miaka saba sasa. Glavu yake moja ilikuwa na doa la mchuzi. Rula akamfokea mbele za watu, akamvua koti, akamwambia kasimame sitaha ya mbele mpaka wageni wamalize kula. Bahari ilikuwa imechafuka. Wageni wamemaliza, wametoka... hapakuwa na mtu."

"Sasa anamtaka nani? Mdogo wangu kamkosea nini?"

"Anataka mtu wa kusimama nje badala yake."

"Basi nikamdai koti langu!"

"Koti la kuazima hudaiwa kwa jina. Utamdai kwa lipi? Waliolijua walishuka zamani. Amebaki Rula, na Rula alikataza lisitajwe."

Wakati huohuo kijana akainua uso. Akamtazama mdogo wangu, akasema kwa sauti ambayo haikuwa kubwa, lakini niliisikia hadi nyuma ya pazia:

"Mhudumu. Kasimame nje."

Mdogo wangu akaweka sinia chini. Akageuka. Akaanza kutembea.

Mlango wa kwenda sitaha ulikuwa upande wa pili wa ukumbi. Bahari ilikuwa shwari jioni ile, nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Lakini nyuma ya mlango ule kitu kilikuwa kinanguruma.

Nikatoka nyuma ya pazia mbio.

"Wewe fundi!" Rula akanizuia kwa mkono, meno yamekutana. "Na aproni? Humu? Rudi chini!"

"Mdogo wangu anatoka nje. Mwambie arudi!"

"Aende. Mchafu yule."

"Mkuu, kuna mtu meza namba tisa. Uliyemtoa mwenyewe miaka saba iliyopita. Nakuomba, sema jina lake."

Kitu kikapita usoni mwake, haraka, kama samaki chini ya maji. Kisha uso ukafungika.

"Hakuna mtu huyo. Hajawahi kuwapo kwenye meli hii."

"Mtoeni huyo mwanamke!" mgeni mmoja akapaza sauti. "Tumelipa kuja kuangalia maaproni?"

Mdogo wangu alikuwa ameshashika kitasa. Nikamfikia, nikamkumbatia kiunoni, nikavuta. Ilikuwa kama kuvuta nguzo. "Ni mimi, dada yako," nikamwambia sikioni. "Ni mimi..." Ngozi yake ilikuwa ya baridi. Mlango ukafunguka kidogo, na upepo wenye chumvi ukatupiga.

Rula alikuwa ametufuata. Nadhani alikuja kututimua wote wawili. Akanishika bega anibandue, akainama, na tai yake ikaning'inia mbele ya uso wangu.

Mkasi ulikuwa mfukoni mwa aproni.

Nikaikata.

Kipande cheusi kikaanguka juu ya zulia. Rula akapeleka mkono shingoni, akapapasa, hakukuta kitu. Sijawahi kumwona mtu aliye uchi namna ile akiwa amevaa nguo zake zote.

"Hana tai," bibi wa lulu akasema.

"Hana tai," mwingine akaitikia. Halafu mwingine. Sauti zao zote zilikuwa sawa, kama zinatoka koo moja.

Kijana akasimama mezani. Maji yakamwagika kutoka mapajani mwake.

"Mkuu," akasema. "Huna tai. Kasimame nje."

Mdogo wangu akanilegea mikononi kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Nikamlaza sakafuni, akatapika maji ya bahari juu ya aproni yangu, akavuta pumzi, akalia. Nikamfunika kichwa kwa mikono yangu asiangalie.

Mimi niliangalia.

Rula alikuwa anakwenda. Hakuwa anatembea. Viatu vyake, ving'avu kama kioo, viliteleza vyenyewe juu ya zulia kuelekea mlangoni. Akashika fremu kwa mikono miwili, vidole vikawa vyeupe. Nje hapakuonekana sitaha. Palionekana weusi unaopanda na kushuka.

Kijana akaja nyuma yake, hatua moja, hatua nyingine, hadi pua yake ikakaribia kisogo cha Rula. Akamwekea mkono begani. Maji yakachuruzika kifuani mwa yule mzee.

"Mgeukie, mkuu!" nikapiga kelele. "Mtazame sura!"

Akageuka.

Miaka mitatu nimefanya kazi kwenye meli ile. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Rula akimtazama mtu usoni. Alitazama muda mrefu. Midomo ikaanza kumtetemeka, na sauti iliyotoka mwanzo haikuwa neno, ilikuwa pumzi tu...

Kisha akalisema.

Alilisema taratibu, kama unavyomwita mtoto aje kula. Jina la kwanza sikuwahi kulisikia popote. La pili, kama lilivyo la mtoto yeyote, lilikuwa la baba yake, na ndilo lililochongwa kwenye kibao cha shaba kifuani mwa Rula.